Mize Aliyeniruka Miguu

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Zanzibar, mtu akiruka miguu ya mtoto aliyelala ilibidi arudi airuke tena, la sivyo mtoto angedumaa au kulemaa. Bibi alilishika hilo kuliko dawa yoyote.

Binamu yangu Mize, yatima wa miaka minane tuliyekuwa tunaishi naye, aliniruka nimelala ukumbini, akimwahishia Bibi chai. Siku ya pili nacheza rede uani, pia ya goti langu ikachomoka, ikakaa pembeni. Nilipiga kelele mtaa mzima ukajaa.

"Nani kamruka huyu?" Bibi akauliza.

"Mize," nikasema.

Wakamrudisha aniruke. Akaruka huku analia. Baada ya wiki goti likachomoka tena, na sasa ikasemwa ni kijicho, kaniruka kwa makusudi. Wakamfungia nguo zake, akapelekwa Pemba kwa jamaa waliomtia kazini. Shule yake ikaishia darasa la pili.

Na mimi nilikuwa najua! Goti lilikwisha kuchomoka mwezi mmoja nyuma, chuoni kwa maalimu wa Kurani, nikiinuka kwenye sijda. Nililirudisha mwenyewe, nikanyamaza kwa kuogopa sindano.

Goti hilo nimelibeba hadi huku Guangzhou, Uchina, ninakonunua nguo za biashara. Mwaka huu likaniangusha soko la nguo la Shisanhang, katikati ya wachukuzi na marobota yao. Hospitalini alinitafsiria Ashura, Mtanzania mwenzetu.

"Daktari anauliza, dada, mara ya kwanza lini?"

Nikasema kweli, mbele ya Mchina nisiyemjua.

"Anasema umezaliwa nalo. Kijia inamopita pia ya goti hakina kina. Hujafanywa kitu na mtu."

Wakanipasua, wakaiweka pia mahali pake. Hii wiki ya sita, niko chumbani mtaa wa Xiaobei, kila siku nalikunja goti kidogo na machozi yananitoka. Juzi nikamwandikia Mize ujumbe mrefu, nikamweleza yote. Akapiga simu.

"Siku nyingine usiniandikie," akasema. "Kanisomea mwanangu, neno kwa neno. Mimi kusoma sikujaaliwa. Ugua pole."

Akakata.

Wenzangu hapa wakisikia kisa hiki hucheka ushamba wa wazee wetu. Mimi sicheki. Bibi, Mungu amrehemu, aliamini kweli kwamba ananiponya. Aliyejua kwamba Mize hana kosa, akamtazama anapandishwa gari la bandarini na kifurushi chake, ni mimi.