Kamyo ya Papa Ilunga ilivyovuja oil kila upande, na unga wangu wa mwisho (Kamina, wakati wa vita)

Wakuu, jambo zenu wote.

Mimi ni muzee, shule niliacha mapema, na Kiswahili changu ni kile cha Katanga, mutanivumilia. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Sina nguvu za kutunga uongo.

Nimesoma uzi wa yule kijana mwenye gari ya diesel inayovuja oil, kila mara ananunua gasket mpya. Nikachoka mimi kuliko yeye.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwisho mwisho. Vita.

Bibi yangu, Mama Banza, alikuwa ameenda Kabondo-Dianda kwenye kilio cha mama yake, pamoja na batoto. (Kwetu bibi ni mke. Musifikiri naongea juu ya nyanya yangu.) Kilio kikaisha, treni ikakatika. Watu waliingia Kamina na mizigo kichwani, wakisema vita inasogea upande ule ule wa Kabondo-Dianda.

Miguu yangu ilikuwa mibaya tangu zamani, baiskeli sikuwa nayo. Nilikuwa na ufundi tu.

Papa Ilunga, mwenzangu wa kanisani, alikuwa na kamyo, yaani lori, ya zamani ya mazutu, njo (ndiyo) hiyo diesel yenu. Akaniambia:

"Fundi, hii mota inakunywa mafuta na kuyatapika yote chini. Tengeneza, twende tutafute Mama Banza. Ikibaki hivi, tutakwama mu pori."

Nikaingia chini ya mota, nyie munaita injini. Wakuu, ilikuwa oil tupu, nyeusi, imechanganyika na matope, huwezi kujua inaanzia wapi. Nikakata joint, nyie munaita gasket, kutoka kwa katoni ya sabuni. Nikafunga kifuniko cha juu. Ikanyamaza pale, ikatokea mbele. Nikafunga mbele. Ikatokea nyuma.

Nililala chini ya ile mota tumbo wazi, nikasema basi, nimeshindwa. Halafu nikafikiri batoto.

Nikaosha mota yote kwa mazutu, nikaifuta ikauka. Kisha nikachukua unga wa muhogo, ule Mama Banza aliniachia, umebaki kidogo sana, nikaupakaza mota nzima mpaka ikawa nyeupe. Oil ikitoka, inachora njia yake kwenye unga. Hiyo ni dawa ya kweli, hata leo.

Mama wa nyumba ya pili akasimama mikono kiunoni.

"Weye! Bantu banalala njaa, weye unalisha mota bukari?"

Bukari ni ugali. Nikamwambia, "Mama, hii mota njo itanirudishia mupishi."

"Na leo utakula nini?"

Nikaendelea kupakaza. Musiniulize na nyie.

Tukawasha. Nikaangalia. Oil ikachora juu, ikachora mbele, ikachora nyuma, mara moja, kama mutu anayetoka jasho. Hapo njo akili ikafunguka. Joint zote haziwezi kufa pamoja. Na kile kijiti cha kupimia oil kilikuwa kimepanda chenyewe kutoka kwenye tundu lake. Kumbe kila mara nilikikuta kimepanda, nikakirudisha bila kufikiri. Kitu kilikuwa kinakisukuma kutoka ndani.

Mota inapumua, wakuu. Ile ya zamani ilikuwa na bomba linaloshuka chini, la kutolea pumzi. Breather. Tukazima. Nikaingiza kidole kwenye lile bomba, matope. Nikakwangua. Nyuma ya matope, gunzi la muhindi, limegongwa mpaka ndani!

Papa Ilunga akashika kichwa. "Ni yule shofere wangu wa zamani! Alipita mu maji kule Mulongo, akasema ameziba maji yasiingie."

Alipita maji vizuri. Kuzibua akasahau, akaacha kazi, akaenda zake.

Nikavuta gunzi. Tukawasha tena, ikafanya kazi muda mrefu. Chini pakavu. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimechoka hata kulia.

Papa Ilunga akainama, akaona mchanga safi, uso ukabadilika.

"Fundi, umeniua. Basoda watakuja kuichukua."

Kweli. Wakati ule wenye silaha walikuwa wanachukua kila gari nzima. Ile kamyo ilikuwa imebaki kwa sababu ilikuwa inavuja.

Basi nikachukua oil chafu ya vidange, ile ya zamani inayomwagwa ukiweka mpya, mimi mwenyewe, nikaipakaza kwenye mota niliyoiosha, nikamwaga nyingine chini. Kazi yangu yote nikaifunika kwa uchafu.

Kesho yake asubuhi, tukiwa tunapakia, wakafika. Mukubwa wao akachungulia.

"Hii gari inakojoa! Fundi yake ni nani?"

"Ni minyi mwenyewe, chef."

"Weye haujue kazi."

Jirani walikuwa wanasikia. Yule mama wa bukari pia.

"Ndiyo, chef. Sijue."

Wakacheka, wakaenda zao. Sisi tukashika njia ya Kabondo-Dianda, mashimo na matope, na kijiti cha oil hakikupanda hata mara moja.

Mama Banza alikuwa amekaa nje kwa ndugu zake na batoto wote, mizigo imefungwa. Aliniangalia mashavu.

"Umekonda. Unga niliokuachia ulikula?"

"Kamyo ilikula."

Akanitazama sana, kisha akapanda.

Kwa hiyo, kijana wa gasket: kabla hujanunua nyingine, angalia kama mota yako inapumua. Ikikosa pa kupumulia, itatoboa popote. Osha, kausha, pakaza unga. Ukikosa unga, hata majivu laini.

Wenye kujua zaidi munikosoe hapa chini, na aliyewahi kukuta kitu cha ajabu ndani ya breather aseme.

Hapa mutaani kwetu wazee bado wananicheka kwa ile kamyo niliyoshindwa kutengeneza. Mama Banza, mwenye kujua ukweli, akisikia, anawapikia bukari tu.