Ninja na Tuta la Tatu

Gemu yenyewe ni ya kipuuzi. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani kwamba nilikuwa na nia njema nayo hata siku moja.

Kuna mtu amevaa nguo nyeusi kutoka utosini hadi vidoleni, macho tu ndiyo yanaonekana, na kazi yake ni kukimbia kutoka upande wa kushoto wa kioo kwenda upande wa kulia. Anaruka ukuta, anaruka paa, anaruka daraja lililokatika, na kila anayekutana naye anamkata kwa upanga. Mwanzoni kabisa wanakuonyesha picha tatu za mtu mwenye kinyago chekundu akimuua baba ya huyo ninja, na ninja anaapa kulipiza kisasi. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Njiani anaua walinzi, anaua watawa, anaua hata mbwa. Sijui mbwa walimkosea nini marehemu.

Na wala harudi nyuma. Hilo liliniudhi kuliko yote. Akishapita mahali, kioo kinamfuata na kufunga njia, kwa hivyo hata akiona ameacha kitu cha maana pale alipotoka, imekula kwake.

Anayeicheza gemu hii ni ndugu yangu wa kunifuata, mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye ndevu na kitambi. Alirudi nyumbani kwetu Kangundo mwezi wa nane, ghala alilokuwa akifanyia kazi huko Syokimau lilipofungwa. Alirudi na godoro, begi la nguo, na mashine ya gemu aliyoifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Akaiunganisha na televisheni ya mama, chini ya kalenda ya kanisa, na mama akahamia jikoni na rozari yake bila kulalamika. Mama yetu ni mtu wa aina hiyo. Angefurahia kurudi kwa mwanawe hata kama angerudi na fisi.

Mimi nafundisha jiografia katika shule ya upili huko Machakos mjini, na huwa naenda nyumbani kila Jumamosi. Kila Jumamosi nilimkuta pale pale kwenye kochi, ameota mizizi, vidole gumba vikicheza. "Niaje, mwalimu," ataniambia, bila kugeuza shingo. Nami nitapita hadi jikoni nikimeza maneno, kwa ajili ya mama.

Siku moja nilimuuliza kwa dharau ni nini hutokea akishamuua huyo mwenye kinyago. Akajibu kwa umakini kabisa, kama mtu aliyeulizwa mambo ya dini, kwamba ninja husimama peke yake juu ya paa, muziki unapigwa, halafu gemu inarudi mwanzo.

"Mwanzo wapi?"

"Pale kwa picha tatu. Baba anauawa tena."

Nikamwambia kwamba huo ndio upumbavu mkubwa zaidi niliowahi kuusikia, na nimefundisha Kidato cha Pili kwa miaka kumi na tisa.

Sasa nieleze habari ya shamba, kwa sababu bila shamba haya yote yangebaki kuwa kero ya dada na ndugu yake.

Shamba letu limekaa ubavuni mwa kilima, na kilima chenyewe hakina huruma. Baba alilichimba matuta ya fanya juu, yeye na mama na mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu. Unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini, ndiyo maana yakaitwa hivyo. Udongo ule unakuwa ukuta wa kuyashika maji. Baba alipofariki, mama alichagua azikwe nyuma ya tuta la tatu, kwa kuwa ndilo walilolichimba mwaka wa arusi yao.

Juu yetu, mpakani, ni shamba la baba mdogo, mdogo wake marehemu. Huyu bwana, miaka kadhaa kabla ya baba kufa, aligeuza mdomo wa mtaro wake ukaelekea kwetu badala ya kuelekea mtoni. Baba alipanda kwake kumwomba augeuze. Baba mdogo alimjibu, akiwa ameketi na bila hata kumpa kiti, kwamba maji ni ya Mungu, na asiyeyataka amwendee mwenyewe. Baba hakusema naye tena hadi anaingia kaburini. Siku ya mazishi baba mdogo alishika koleo na kutupia udongo pamoja na wengine, nami nilimtazama nikatamani koleo limvunjikie mkononi. Mama alimsamehe. Mimi sikumsamehe, na sikuona sababu ya kujifanya.

Mvua za mwaka uliopita ziliacha kijikorongo kilichoshuka kutoka kwa baba mdogo hadi hatua tatu kutoka kwa kaburi. Mama alikipima kwa miguu yake mwenyewe. Akatuita sote wawili na kutuomba jambo moja tu. Kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, uchimbwe mtaro mpya upande wa juu wa kaburi, wa kuyageuza maji yaende mtoni. "Msiache maji yamfikie baba yenu," alisema. Hajawahi kutuomba kingine tangu tuwe watu wazima.

Kazi hiyo ilipewa ndugu yangu, kwani nani mwingine alikuwa na siku saba za juma mikononi? Alikubali. Mwezi wa tisa ukaisha, ninja akafika kwenye msitu wa mianzi. Mwezi wa kumi ukaingia, ninja akafika kwenye ngome. Mtaro wa kumkinga baba ulikuwa na urefu wa hatua mbili, na ndani yake kuku walikuwa wakijitifulia vumbi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo nilisimama mbele ya televisheni. Nikampa vidonge vyake, vyote nilivyokuwa nimevimeza tangu mwezi wa nane. Nilimwambia ni aibu ya ukoo. Nilimwambia kwamba hata picha iliyochorwa ina haya kumshinda yeye. Kisha nikasema lile ambalo sijaweza kulirudisha mdomoni.

"Huyo ninja wako angalau anamjua aliyemkosea baba yake, na anajua anakoishi. Wewe unamwona kila asubuhi akinywesha ng'ombe, na unamwamkia."

Aliisimamisha gemu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba inaweza kusimamishwa.

"Kwa hivyo unataka nifanye nini, mwalimu?"

"Mimi sikutumi popote," nikasema. "Nimesema tu."

Tulijuana vizuri, mimi na yeye, na hicho "nimesema tu" kilikuwa na uzito wake. Nilichukua mkoba wangu nikarudi mjini nikiwa nimefurahi, tena nimefurahi sana.

Alhamisi iliyofuata baba mdogo alisafiri kwenda Kithyoko kumwona binti yake aliyeolewa huko. Ndugu yangu aliusubiri mchana ule. Saa nane, jua likiwaka, akavaa jaketi nyeusi yenye kofia, akajifunga usoni kitambaa cheusi cha mama cha matanga, akabaki macho matupu. Akachukua jembe na kupanda kilima. Mama alimwona akipita, akafikiri ana mafua. Namcheka hata leo nikilikumbuka jambo hilo. Mwanamume mzima, kitambi kimetangulia, jasho linamchuruzika ndani ya kitambaa cha matanga, eti asijulikane, kwenye kilima ambako kila mtu anamjua hata kwa kikohozi chake.

Huko juu alilikata tuta la baba mdogo la mpakani, akafungua tundu la upana wa mlango. Mawazo yake, kama alivyonieleza baadaye, yalikuwa kwamba udongo wa baba mdogo ungechukuliwa, kahawa yake ingekosa maji, na angeonja uchungu alioonja baba. Alinipigia simu jioni nikiwa kwenye chumba cha walimu.

"Kazi imeisha, mwalimu. Nimemlipizia mzee."

Nilicheka kwa sauti hadi mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Nilimwambia ndugu yangu kwamba kumbe yeye ni mtu. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo, wallahi sitii chumvi, nilikuwa nimesimama mbele ya ubao nikichora mteremko, mshale ukielekea chini, nikiwaeleza watoto wa watu jinsi udongo unavyomomonyoka. Nilipata hata wa kumkaripia kwa kusinzia.

Ijumaa saa tisa mvua ilianza. Nilikuwa nikisahihisha madaftari, na kwenye daftari la nne nikaukuta mchoro wangu mwenyewe, umenakiliwa vizuri, kilima na mshale. Nikautazama huo mshale. Kwenye gemu adui yuko kulia siku zote, na kila kitu huenda kulia. Kangundo maji huenda chini, na chini ya baba mdogo ni sisi. Nilipiga simu mara tano, haikushikwa. Mvua haikupungua hadi giza likaingia.

Nilifika nyumbani Jumamosi saa mbili. Tuta la kwanza lilikuwa limepasuka, na la pili vile vile, mahindi yamelala kwenye tope jekundu yote yakielekeza vichwa upande mmoja. Tuta la tatu lilikuwa limefunguka kama mlango, upana ule ule. Kaburi lilikuwa limebonyea upande wa kichwani na msalaba umeinama. Mama alikuwa amesimama kando, amevaa gambuti na leso mbili, halii. Ndugu yangu alikuwa amepiga magoti akirudisha tope kwa mikono yake. Lilikuwa likiteleza na kushuka tena, naye akilirudisha tena.

Tukamwona baba mdogo akishuka. Alikuwa amerudi kutoka Kithyoko asubuhi hiyo, na alikuwa amekwisha kuliona tuta lake. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na yangu tayari. Lakini mzee alitupita sote, jembe lake begani. Alitua kwenye mtaro wa baba, ule wa hatua mbili, akautemea mate mpini wa jembe na kuanza kuchimba, akitupa udongo juu, juu, juu, kama baba alivyokuwa akifanya. Nilimdharau hata hapo. Nilijiambia ni sasa ndiyo anajitia wema, baada ya miaka yote hiyo. Kumdharau mtu kulikuwa rahisi kuliko kuangalia lile kaburi.

Mama alimgeukia ndugu yangu.

"Nani alilikata tuta la shemeji?"

"Ni mimi, mwaitu."

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, lakini ndugu yangu alikuwa hajamwita hivyo tangu aende Syokimau.

"Nani alikutuma?"

Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wangu begani, viatu vya mjini vimezama kwenye tope. Baba mdogo aliacha kuchimba. Ndugu yangu aliinua uso akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, na nikajua kwamba analo lile neno langu, na lile neno lingine la simu, na kwamba anaweza kuyatoa yote mawili hapo hapo. Kisha akarudisha macho kwenye tope.

"Hakuna mtu alinituma. Ni ile gemu."

Mama alifikiri. Hakumwamini sana, niliona hivyo, na akafanya kile ambacho amekifanya maisha yake yote pale jambo linapomzidi. Akanigeukia mimi, niliyesomeshwa kwa kahawa ya shamba lile lile.

"Wewe ndiwe umesoma," akasema. "Gemu inaweza kumtuma mtu?"

Ndugu yangu hakuinua kichwa. Baba mdogo alikuwa ameegemea jembe, akisubiri kama wengine.

Nikasema inaweza.