Ulimi wa Shimo la Sita

Kila asubuhi, kabla hajafunga aproni, Mama Sufuria hupita kwanza kwenye mashimo. Yako manne siku hizi. Zamani yalikuwa sita, na mpaka leo lile la mwisho linaitwa shimo la sita, ingawa ukihesabu kwa vidole hulipati. Hutungua kata msumarini, huchota yale maji ya maganda ya miti, mekundu meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, huyagusa kwa ncha ya ulimi, kisha hutema pembeni. Halafu humpa kata binti yake, ambaye naye sasa ni mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho cha ngozi, na kumgeuzia mgongo.

"Onja. Usiniangalie usoni."

Binti huonja na kutaja jibu lake. Mama ndipo hutaja la kwake. Wageni wakiona hivyo hucheka, wakidhani ni mchezo wa mama na mwana. Ukimuuliza, atakuambia ni utaratibu wa kazi. Lakini anapoirudisha ile kata msumarini, mkono wake hukawia pale kidogo, kama mtu aliyemshika mwenzake begani.

Binti huyo alikuwa na miezi minne walipoingia humo kiwandani mara ya kwanza. Aliyewaita ni baba mdogo wa Mama Sufuria, mdogo wake marehemu baba yake, msimamizi wa mashimo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Ulimi.

"Njoo naye tu," alisema. "Akilia, ngozi hazitaamka."

Basi mtoto akawa analala ndani ya karai lililotandikwa vitambaa, kwenye chumba cha mzani, akilindwa na dada wa mzani, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala. Harufu ya maganda ikamwingia mtoto mpaka akawa haijui harufu nyingine ya mama. Siku ambayo bibi yake alibaki naye nyumbani alilia mpaka akakauka, akanyamaza tu alipofunikwa kilemba cha kazi cha mama yake. Mama Sufuria akikumbuka hilo mpaka leo hucheka peke yake.

Mzee Ulimi alimfundisha kazi kama anavyofundishwa mtu kulea. Ngozi ikishatolewa manyoya kwa chokaa na kuoshwa, haitupwi moja kwa moja kwenye maji makali. Huanzia shimo la kwanza, lenye maji ya zamani yaliyochoka, halafu la pili, halafu la tatu, miezi mitano mizima, hadi la sita, penye maji mapya yenye ukakasi wa kufunga kinywa.

"Mtoto mchanga humwanzishi na nyama," mzee alisema. "Ukiichovya ngozi kwenye ukali siku ya kwanza, uso unafunga mlango, ndani inabaki mbichi. Utaiona imeiva, kumbe imekudanganya."

Na ukali wa maji aliupima kwa ulimi. Hakuwa na kipimo kingine, wala hakukitaka. Alionja, akafumba jicho moja, watu wote wakangoja. "Bado kidogo." Au: "Imekolea!" Akisema imekolea, hakuna aliyebisha.

Yeye Mama Sufuria alipewa kazi ya mwisho, ya kupima kama ngozi imeiva. Alikata kipande cha shingoni, upana wa vidole viwili, akakilaza kwenye daftari na kukizungushia penseli. Kisha akakitia kwenye sufuria ya maji ya moto, yale yanayoanza kutoa vipovu vidogo pembeni tu, kwa sababu yakichemka hata ngozi nzuri hujikunja. Baadaye alikitoa na kukirudisha juu ya mchoro wake. Kikijaza mchoro, ngozi imeiva. Kikinywea, irudi shimoni. Moto wake ulikuwa wa maganda yaliyokwisha kutumika, yakaanikwa. Hapo hapakutupwa kitu. Hata maji yaliyochoka kabisa yalipitishwa kwenye vidimbwi vitatu vya matete kabla ya kukifikia kijito ambako wanawake walifua.

"Shoga, leo tunakula nini?" dada wa mzani alikuwa akipaza sauti kila akiona moshi.

"Shingo ya ng'ombe."

"Imeiva?"

"Njoo na meno yako."

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Na katika daftari hilo hilo, kurasa za nyuma, kila mwezi aliuweka mguu wa mwanawe na kuuzungushia penseli vile vile. Kurasa za mbele aliomba kitu kisipungue. Za nyuma aliomba kiongezeke.

Mtoto alipokaribia mwaka, meneja aliwakusanya wafanyakazi uani. Kulikuwa na mnunuzi wa ngozi za soli, soli za viatu vya watoto wa shule. Mzigo ukitoka kwa tarehe, ukiwa mzuri, mashimo yataendelea. Ukikwama, yeye meneja atayafukia yote na kuleta pipa la chuma la kuzungusha ngozi kwa dawa, kazi ya miezi iishe kwa siku moja au mbili.

"Na maji ya hiyo dawa atayamwaga wapi?" Mzee Ulimi alinong'ona. "Matete yale hayatayaweza. Au atampelekea mama mkwe wake?"

Watu walicheka kwa kuinama. Lakini mzee mwenyewe hakucheka.

Siku ya kupima ilipofika, Mama Sufuria alikata kipande, akachora, akakitia majini. Alipokitoa kilikuwa kimejikunja. Alikilaza kwenye mchoro, pakabaki pengo la upana wa ukucha. Alikata cha ngozi ya pili, na cha tatu. Hali ni ile ile. Alikipasua kimoja kwa kisu: nje kahawia safi, katikati mstari mweupe, mbichi.

Alikwenda shimo la sita akaonja mwenyewe. Yalikuwa kama maji yaliyosuuza kikombe. Akakumbuka mvua iliyovuja kwenye banda la maganda, miezi miwili nyuma. Mvua ilikuwa imeyaosha ukali wote. Lakini si mzee alionja? Si alisema imekolea, mbele ya watu?

Alimkuta mzee ameketi kwenye ukingo wa shimo.

"Ba'mdogo, haijaiva."

"Umekata wapi?"

"Shingoni."

"Shingo ni nene. Kata cha tumboni."

"Wewe ndiye uliyenikataza cha tumboni. Ulisema tumbo huiva haraka, halisemi ukweli."

Mzee alitazama mikono yake. "Mwanangu, mara hii moja tu. Ipitishe. Yule meneja atayafukia mashimo, na mimi nikiwa ndani yake."

Mama Sufuria alichukua kata, akaenda, akachota, akarudi nayo. Je, alikusudia kumtega? Mpaka leo mwenyewe hana hakika. "Onja tena, Ba'mdogo."

Mzee alionja. Akafumba jicho moja. "Haya! Si nilikuambia? Inabana mpaka sikioni!"

Kisha akaona sakafu. Matone ya ile kata yalikuwa yamejipanga kutoka shimo la kwanza, lile la maji yaliyochoka, mpaka miguuni pake. Aliyafuata kwa macho, tone kwa tone, akairudisha kata mkononi mwa mwenzake polepole.

"Tangu lini?" Mama Sufuria aliuliza.

"Tangu ile homa iliyonilaza. Nikasema utarudi. Ulimi si mtu wa kuhama nyumba." Akajaribu kutabasamu. "Hata chai nakunywa kwa kumbukumbu tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wananiitaje hapa, mama? Nitawaambia waniite nani?"

Kwenye chumba cha mzani mtoto alikuwa ameamka; dada wa mzani alikuwa akimsimamisha na kumhesabia hatua. Moja. Mbili. Anaanguka. Mama Sufuria alisikiliza vile vijiguu vikipiga sakafu. Soli yenye kiini kibichi haioneshi kitu dukani. Inangoja mtoto akanyage maji, kisha inaanza kuoza na kunuka mguuni mwake. Nao wale watoto wana mama zao, ambao wamejinyima ili wanunue.

"Ukimwambia meneja unanizika," mzee alisema.

"Naenda kumwambia haijaiva, Ba'mdogo. Hilo ndilo ninalolijua kwa sufuria yangu. Lingine si langu kulisema."

Alikwenda ofisini na daftari. Meneja aliangalia michoro mitatu na vile vipande vilivyonywea.

"Nani alisema maji yamekolea?"

Mama Sufuria alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake, mlangoni, ambako mzee alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Mimi nilisema. Ulimi wangu umekufa, meneja, nami nikauficha kama mtu anavyoficha kidonda. Kosa ni langu, si la huyu. Kuanzia leo waonje watu wawili, kila mmoja peke yake, asijue mwenzake amesema nini. Na huyu awe mmoja."

Meneja alifoka, tena sana. Mnunuzi alingoja wiki saba kwa manung'uniko, maganda mapya yakaletwa, banda likaezekwa. Vipande vilipopimwa tena vilikaa kwenye michoro yao bila pengo. Mashimo mawili yalifukiwa hata hivyo, mwaka uliofuata. Manne yakabaki, na jozi moja ya zile soli ikaja kuvaliwa na mtoto wa karai siku alipoanza shule. Alama ya mguu wake wa siku ile iko ukurasa wa mwisho wa daftari.

Mzee hakufukuzwa. Alihamishiwa bandani kuchagua maganda, kazi aliyoifanya kwa masikio: alilivunja ganda na kusikiliza mlio wake. Lakini asubuhi hakuacha kupita shimo la sita.

"Leo inasemaje?"

"Inabana, Ba'mdogo. Kama ndizi mbichi."

"Pembeni mwa ulimi, au katikati?"

"Pembeni. Halafu inarudi nyuma kooni."

Naye alifumba macho yote mawili, akameza mate, akaenda zake ameridhika. Alifanya hivyo mpaka wiki aliyofariki.

Juma lililopita Mama Sufuria alionja shimo la sita kama kawaida. Akaona imekolea. Akampa binti kata, akageuka.

"Bado," binti alisema. "Ni nyepesi."

Mama aliichukua kata akaonja mara ya pili, na kwake ikabana vile vile. Alimwita dada wa mzani, mzee sasa, anayetembea kwa kujishika kiuno, lakini mdomo wake haujazeeka.

"Mnanipa maji ya kuoshea vikombe?" dada wa mzani alitema. "Hii bado, shoga. Bado kabisa."

Wote wawili walimwangalia. Mama Sufuria aliitundika kata, mkono ukakawia pale msumarini. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyemwona mgeni aliyemtarajia.

"Leteni maganda," alisema. "Magunia mawili."

Maganda yakaletwa, yakamwagwa, yakakorogwa, yakaachwa siku tatu. Siku ya nne binti alionja kwanza, akakunja uso. Mama yake aliketi kwenye ukingo wa shimo, mahali pale pale, akafumba macho.

"Haya, niambie. Inabana pembeni, au katikati?"