Vinundu kwenye Visigino vya Simiyu

Kaka yangu Makokha aliniomba ninyamaze, nami nikakubali. Laiti ningemkatalia, nisingekuwa na haya ya kuwaeleza wenzangu hapa mtaani Jericho.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Hata baada ya kustaafu ukarani nilitembea kila asubuhi hadi soko la Gikomba na kurudi. Sikuvuta sigara. Asubuhi moja kifua kikanibana kana kwamba mtu amekikalia. Maumivu yakapanda hadi kwenye taya, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho baridi likalowesha shati. Nikatapika. Mke wangu alidhani ni kiungulia. Nilipojinyea ndipo alipowaita majirani, wakanibeba.

Hospitalini walinizibua mshipa wa moyo. Kesho yake daktari, binti mdogo kuliko wanangu, akabonyeza kisigino changu.

"Mzee, hivi vinundu umekuwa navyo tangu lini?"

"Tangu ujana. Ni viatu tu."

"Si viatu. Ni mafuta. Damu yako imejaa mafuta tangu uzaliwe, wala usisingizie chipsi. Baba yako alikufaje?"

Nikamwambia alianguka shambani akiwa bado kijana, tukasema amerogwa.

"Hakurogwa. Watoto wako wote wapimwe damu, hata walio wembamba. Ugonjwa huu haungoji mtu azeeke."

Makokha akaja kuniona nyumbani. Siku hizo watu walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Nekesa, na kwetu wazee wa upande ule huulizia kwanza magonjwa ya ukoo.

"Ndugu yangu, ukitaja mambo ya damu, hawa watageuza gari," akasema. "Watoto watapimwa harusi ikiisha."

Nikaona ni sawa.

Siku ya wageni, mwanangu Simiyu alitoka mpirani akaketi mlangoni kuvua njumu, viatu vyake vya mpira.

"Buda, hizi njumu zinaniua," akasema, akisugua visigino.

Nikatazama. Vinundu vilikuwa pale, sawasawa na vyangu. Wageni walikuwa sebuleni wakinywa chai.

"Nunua saizi kubwa," nikamwambia.

Akacheka. "Leta doo basi, mzee wa wakwe!"

Harusi ikaisha. Nikasema tungoje kidogo, Nekesa atulie kwake. Jumapili moja Simiyu aliinama katikati ya uwanja kama anayefunga kamba za viatu. Hakuinuka. Nilikuwa kando ya uwanja nikimshangilia, na nikaendelea kushangilia kwa muda, nikidhani kweli anafunga kamba.

Waliompasua mochari walikuta mishipa ya moyo imeziba kama ya mzee.

Kwenye matanga mama mkwe wa Nekesa aliketi kando yangu. "Baba Nekesa, hata kwetu tuna wagonjwa wa moyo. Si ungesema tu?"

Nekesa amepimwa. Ana mafuta yale yale, na anameza vidonge kila jioni kama mimi. Namshukuru Mungu kwa uhai wake, na yule daktari pia. Ikiwa baba yako au kaka yako alianguka ghafla akiwa kijana, usingoje mpaka kifua kikuume. Wapeleke watoto wapimwe mafuta kwenye damu, hata kama wanacheza mpira, hata kama wakwe wako sebuleni.

Simiyu alikuwa na miaka ishirini na tisa. Niliviona vile vinundu, nilijua ni nini, nikanyamaza. Nimemzika mwanangu.