Shikamoo za Gari Bovu

Watoto wa mtaa wetu wakipita mbele ya kibanda cha Patriki Akonaay humwamkia kama wanavyomwamkia mtu mzima yeyote. "Shikamoo!" Patriki hainui uso. Anajibu, "Salama, salama," kisha anaendelea kupuliza vumbi kwenye simu aliyoifungua. Wageni wanadhani ana maringo. Hapa Katesh, kuamkiwa shikamoo ukaacha kuitikia marahaba ni sawa na mtu kubisha hodi ukamzimia taa. Lakini Patriki si mtu wa maringo. Ni mtu mwenye aibu, na aibu yake ina sababu.

Mimi nina duka la fotokopi mlango wa pili. Ukuta unaotutenganisha ni wa mabanzi, kwa hiyo nasikia mengi kuliko ninavyotaka.

Patriki alizaliwa Endasak, kwa watu wa mahindi na maharage. Baada ya kidato cha nne alijifunza ufundi simu, akafungua kibanda chake cha kwanza Jorodom. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalikichukua pamoja na simu za wateja. Akaanza upya hapa kwetu, na meza moja na bisibisi aliyoazima. Ni fundi mpole. Mteja akimfokea, anasema "samahani" hata pale kosa si lake. Ukali wake wote aliuweka kwenye gemu.

Hilo la gemu ndilo lililomtia mashakani siku alipokwenda Nangwa kumposa Hilda. Mama yake Hilda ni mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu wa maneno machache. Alikuwa amesikia kwamba kuna fundi Katesh anayewasimamisha wateja mlangoni mpaka amalize mchezo. Wazee walipokwisha kuzungumza, aliuliza swali moja tu.

"Baba, hicho kitu cha kuchezea kwenye simu, umeacha?"

"Nimeacha, mama."

Kwa neno hilo alipewa mke. Hakuwa ameacha.

Nyumbani alijizuia. Kibandani alicheza. Na mwaka aliooa ndipo lilipotoka gemu ambalo wengi wetu hatukuweza kuliacha, Lori la Saumu. Lilitengenezwa na vijana watatu wa Arusha wanaojiita Studio Kiporo. Unapakia kitunguu saumu Mbulu, mvua inanyesha, barabara ni utelezi, na unashindana na mchezaji mwingine nani atafika sokoni kwanza. Unaandika jina lolote unalotaka, hakuna anayeona namba yako. Tulikuwa na kundi letu humo ndani, la watu wa Hanang na Mbulu, na mahali pa kuandikiana maneno.

Patriki alijiita Baba Lao. Ndiye aliyeleta sheria ya kundi kwamba anayeshindwa anamwamkia mshindi. Ilituchekesha sana. Mtu wa miaka hamsini angeweza kumwamkia mwanafunzi, na hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe nilishamwamkia Baba Lao kupitia simu, naye amekaa upande wa pili wa mbao.

Kisha akaja mchezaji aliyejiita GariBovu. Aliendesha polepole mno, akashindwa kila siku, na kila aliposhindwa aliandika bila kusukumwa:

"Shikamoo Baba Lao."

"Marahaba mwanangu," Patriki aliandika. "Kanawe miguu ulale. Barabara ni ya wakubwa."

Kesho yake tena. "Shikamoo Baba Lao." "Marahaba mwanangu. Leo umeendesha au umesukuma?"

Nilimsikia akicheka peke yake.

Siku moja Mama Hilda alikuja Katesh kliniki ya macho, akapitia kwa binti yake. Patriki alikuwa nyumbani kwa chakula cha mchana. Alimwamkia mkwe wake kwa adabu zote, akiwa ameinama, kisha akaaga kwamba tumbo linamsumbua. Baada ya muda mfupi kundi zima tulisoma maneno yake: "Wadau, leo naendeshea chooni. Mama mkwe yuko sebuleni amekaa kama hakimu." Tulicheka mpaka basi. GariBovu hakuandika kitu. Aliomba mashindano tu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimshinda Baba Lao.

Patriki hakumwamkia. Aliandika kwamba mtandao umekata. Aliposhindwa tena alisema ni chaji. Kundi likaanza kumtania, "Baba Lao, deni la shikamoo!" Hakulilipa.

GariBovu sasa alikuwa anatushinda wote, na hakuna aliyejua anapita wapi. Ndipo likaja wazo la kukutana ana kwa ana. Kila mtu aje aseme anapenda gemu gani na amegundua nini, na GariBovu aje atufichulie siri yake. Patriki akasema mkutano uwe kibandani kwake. Nadhani alitaka kumwona huyo mtu uso kwa uso amalize ubishi.

Tulikutana Jumamosi alasiri. Tulikuwepo Lameck wa bodaboda, Alex anayesoma chuo na alikuwa likizo, Mary wa saluni, Patriki na mimi. Hatujaanza hata kuzungumza, mlango ukafunikwa na kivuli, na Mama Hilda akaingia, amejifunga kitenge cha kanisani.

Patriki alisukuma simu yake chini ya kitambaa. "Shikamoo mama! Karibu. Hawa ni wateja."

"Marahaba, baba. Endeleeni tu." Akakaa kwenye benchi, karibu na mlango.

"Baba Lao, tuanze," alisema Lameck, naye Patriki akakohoa kikohozi kirefu.

Wakaanza. Alex alipenda mpira, akaeleza jinsi studio inayolitengeneza gemu lake inavyobadilisha majezi kila msimu na kuacha makosa yaleyale ya golikipa. Mary alipenda gemu la studio moja ya Japani ambalo mtu anavua samaki tu na hakuna anayekufa. "Nasuka vichwa kutwa nzima nikisikiliza ugomvi wa watu," alisema. "Nikicheza nataka kimya." Lameck alijikuna shingo kabla ya kusema.

"Mimi napanga maua."

"Maua?"

"Ya rangi moja yakikutana, yanapasuka. Sasa mnacheka nini? Nikitoka kwenye pikipiki mnataka niingie kwenye pikipiki nyingine?"

"Lameck na maua!" Mary alipiga makofi. "Ndiyo maana abiria wako wananukia!"

Mimi nilisema langu ni la kusoma hadithi, unachagua mlango. Alex akaomba nirudie, hakusikia. Nikasema basi.

Kisha wakaingia kwenye Lori la Saumu na mambo waliyoyagundua humo. Lameck alikuwa amegundua kwamba ukipiga honi mbele ya kanisa, kengele inajibu. Alex alikuwa amegundua kwamba wale vijana wa Studio Kiporo wameandika majina ya mama zao nyuma ya malori.  Patriki alikuwa anafungua na kufunga skrubu ileile.

"Tatizo GariBovu hajafika," Alex alisema. "Yeye ndiye mwenye siri."

"Ni yule bibi," alisema Mama Hilda.

Tuligeuka.

"Pale darajani," aliendelea kwa sauti ndogo, "kuna bibi amesimama na mzigo, ananyeshewa. Ukisimama ukampakia, anakuonyesha njia ya shambani. Inakwepa zile kona mbaya."

 Sote tulimjua yule bibi. Tulidhani ni pambo tu la barabara. Tulimpita tukikimbizana, na Patriki alikuwa na tabia ya kumwandikia maneno kabisa: "Toka barabarani bibi, utageuka chapati."

"Mama, wewe umejuaje?" Alex aliuliza.

Alitoa simu kwenye pindo la kitenge, akaigeuza tuione. Ilikuwa simu ya zamani ya Patriki, aliyompa mwenyewe kama zawadi ya mwaka wa kwanza wa ndoa, iliyowekwa kioo kipya. Fundi alifuta picha zake na namba zake zote. Gemu akalisahau. Juu ya kioo paliandikwa GariBovu.

Alex hakumjua yule mama. Alipiga kelele kwa furaha, "Kumbe ni wewe! Baba Lao, huyu ndiye unayemwambia akanawe miguu!"

Mary alicheka. Lameck hakucheka. Alimvuta Alex shati. "Nyamaza wewe. Huyu ni mama yake Hilda."

Nilimtazama Patriki, kisha nikajuta kumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza, na bisibisi bado iko mkononi. Kwetu mkwe hataniani na mama mkwe. Hata akipishana naye njiani humpa nafasi. Huyu alikuwa amemwitikia marahaba, akamwita mwanangu, akamtuma kulala.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba Mama Hilda naye alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu.

"Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote kati yetu hasa. "Saumu hiyohiyo, kutoka Mbulu. Nilikuwa nakaa naye kiti cha pembeni. Nilipokuta lile lori kwenye simu, nikasema nisikilize injini kidogo tu." Akairudisha simu kwenye pindo. "Nami ndiye niliyemuuliza mwenzangu mbele ya wazee kama ameacha. Siku ile ya chooni nikajua Baba Lao ni nani. Nilitaka kumwambia. Nikajiuliza, nitasema nimeyasoma wapi?"

Patriki alisema kitu, lakini alisemea kwenye meza, hatukusikia.

Mama Hilda akainuka. "Nimekuja ili nisijifiche tena mbele yako, baba. Hilo tu." Akaondoka. Alisahau hata kuaga.

Jioni hiyo Patriki alimweleza mke wake. Hilda ndiye aliyenisimulia yaliyofuata.

"Ulimwitikia mama yangu marahaba?"

"Sikujua ni yeye."

"Na ungekuwa unamjua ni mzee wa mtu mwingine, ingekuwa sawa?"

 Hilda akamwambia jambo la mkwe haliombewi msamaha kwa simu, wala mtu haendi peke yake. Akatafute mzee.

Mzee alikuwa baba yake mdogo, Hermani, aliyeletwa kutoka Endasak na Lameck. Kabla ya kwenda Nangwa alitaka kulijua kosa.

"Ulimtukana?"

"Hapana, baba. Aliniamkia."

"Kwa nini mama mkwe akuamkie wewe?"

"Lori lake lilichelewa."

"Ana lori?"

"Hana. Ni lori la kwenye simu."

Mzee Hermani alifikiri. "Limebeba nini?"

"Saumu."

"Saumu ya nani?"

Hilda anasema mume wake alieleza upya tangu mwanzo, na kila alipoeleza jambo lilizidi kuwa baya. Mwishowe mzee alichukua fimbo yake. "Twende. Utasema mwenyewe. Mimi nitasema tu kwamba umekosa."

Walikwenda na Hilda pia, na Lameck akabaki nje na pikipiki. Kule Nangwa walipokelewa na Mzee Margwe, kaka wa marehemu. Mama Hilda alikaa ndani ya mlango, nusu kwenye giza la nyumba. Mzee Hermani akasema kijana wao amekosa, na kwamba atajieleza, kwa sababu yeye ameshindwa.

Patriki alisimama. "Mama aliniamkia," alianza.

"Alinipita barabarani," Mama Hilda alimkatiza. "Nilikuwa nimesimama, mvua inaninyeshea, akanipita."

"Hakukusalimia?" Mzee Margwe aliuliza.

"Hakunisalimia."

"Mbona ni kosa dogo?"

"Ni dogo kwa anayepita."

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa. Patriki angeomba radhi kwa hilo, wazee wakanywa chai, yakaisha. Hilda alidhani atafanya hivyo. Lakini aliendelea kusimama, akivikunja vidole.

"Kuna lingine," alisema. "Hapahapa niliulizwa kama nimeacha kucheza, nikasema nimeacha. Sikuwa nimeacha. Mke nilipewa kwa uongo."

Mzee Margwe alivuta pumzi, akamgeukia shemeji yake. "Mama Hilda, wewe uliona mapema. Sisi tulikuona mkali bure. Laiti akina mama wote wangekuwa kama wewe."

Hilda anasema hajawahi kumwona mama yake akisifiwa akaonekana vile. Alivuta kitenge mpaka kikafika machoni. Simu ilikuwa humohumo, kwenye pindo. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Waleteeni chai," alisema.

Wakati wa kuondoka aliwasindikiza mpaka getini. Patriki alikwisha kumwamkia alipofika, lakini aliinama tena. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

 Walisimama wote wawili wakitazama chini, kama watu walioangusha kitu kimoja, mpaka Lameck akawasha pikipiki.

Baba Lao hayupo tena kwenye kundi, na ile sheria ya kuamkiana tumeiacha bila mtu kutangaza. GariBovu bado yupo, ila hashindani na mtu. Wakati mwingine nikipita darajani kwenye gemu nalikuta lori lake limesimama pembeni, taa zinawaka, injini inanguruma, haliendi popote. Yule bibi amekwisha kupanda.

Juzi nilimpelekea Patriki simu yangu, nikamwonyesha. Aliitazama kidogo, akaizima sauti, akanirudishia bila kuinua uso.

"Funga, dada," alisema. "Mwache mama asikilize."