Besi Chini ya Mvua

Kwetu Sosiot mvua hunyesha karibu kila alasiri, na gitaa la besi nilijifunza chini ya kelele zake. Niliiga nyimbo za soul na funk kutoka kwa simu, nikijua mabati yataficha makosa yangu. Kusikiwa nikikosea kuliniogopesha kuliko kitu chochote.

Siku moja nilifumba macho nikaelea na mdundo, nisijue mvua imekatika. Nilipoyafumbua, mama alikuwa mlangoni, kikapu cha majani chai bado mgongoni, mabega yakicheza polepole. Nikaacha.

"Mbona unazima, na mimi ndio nimeanza kupata moto?"

"Nimekosea, mama."

"Hebu rudia nisikie hilo kosa."

Nikarudia. Likatoka vilevile, na mabega yake hayakusimama.