Siku Jogoo Alipompisha Mbweha

Mwanangu alipoingia chuo nilidhani ataniletea cheti. Akaniletea jogoo.

Si jogoo wa kuchinja. Timu ya mpira ya chuo chao ilikuwa na maskoti, yaani mtu anayevaa vazi la mnyama akarukaruka kando ya uwanja kuwachangamsha watazamaji, na mnyama wao alikuwa jogoo: manyoya mekundu ya bandia, mdomo wa sponji, miguu ya manjano. Nikamwambia, "Mimi nimetoka Mombasa nikaja huku kuogesha wazee wa watu, ili wewe uwe kuku?" Akacheka. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliozaliwa huku, kwamba si kuku, mama, ni jogoo.

Mpira wenyewe hakuweza kuucheza. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na mwenye selimundu baridi ni adui yake. Upepo wa Januari ukimpiga, mifupa ilimuuma hadi analia, mwanamume mzima. Kwenye fleti yetu ya Kilburn, London, tuliishi watatu: mimi, yeye na hita. Kumbe lile jogoo lilikuwa na joto kuliko makoti yote niliyowahi kumnunulia! Ndani yake aliweza kusimama uwanjani mechi nzima, kipupwe hicho, anakatika viuno na chuo kizima kinamshangilia. Nilikwenda siku moja kumtazama, nikacheka mpaka mtandio ukanianguka. Mcheza kwao hutuzwa, lakini wangu alituzwa ugenini.

Ila lilivyonuka, Yarabi! Wachezaji waliamini kwamba likifuliwa bahati ya timu itakwenda na maji, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulifua. Alikuwa akija nalo nyumbani mwisho wa wiki, nami namkemea kabla hajavuka kizingiti. "Liache nje hilo beberu lako!" Analivuta hivyo hivyo hadi chumbani kwake, ananipiga busu la shavu, na mimi nafungua madirisha nikilalama.

Alifariki Februari. Maumivu yalimshika Jumatatu akiwa chuoni, kifua kikafuata, na kabla wiki haijaisha nikarudi nyumbani na simu yake mkobani. Madaktari walifanya waliloweza, sina la kuwalaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitaki kuueleza hapa.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Leicester kunishikilia. Maziko, hitima, chakula cha watu, yote aliyasimamia yeye. Arobaini ilipotimia akaniambia, "Mdogo wangu, nguo za marehemu hazikai ndani. Zitoe sadaka, zimfae huko aliko." Ndivyo tulivyolelewa, sikubisha. Akazifua zote, maana sadaka haitolewi chafu. Mashine ikanguruma kutwa. Akazipiga pasi, akazifunga sandukuni, zikaenda Mombasa kwa meli. Masweta ya London, Mombasa! Sijui wanayavaa wapi. Mashuka akafua, foronya akafua, na chumba akakifukiza udi. Nilimshukuru sana, na bado namshukuru.

Alipoondoka nikafungua kabati la mwanangu nikaingiza kichwa. Mbao tupu. Nikanusa godoro. Nikanusa pazia, nikapiga magoti nikanusa zulia kama mwendawazimu. Harufu yake haikuwepo popote. Wallahi, siku hiyo nililia kuliko siku ya kumzika.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile jogoo. Lilikuwa chuoni, stoo, na jasho lake lote.

Sijajua bado nianzie wapi, mwalimu wao wa michezo akanipigia simu. Mwingereza mmoja mpole, anayeshusha sauti akizungumza na mfiwa. Akaniambia wanafunzi wamekutana, na kwamba hakuna anayeweza kuingia katika vazi lile tena. Basi wamepiga kura kubadilisha maskoti. Timu sasa itakuwa na mbweha.

"Mbweha?" nikamwuliza. "Katika viumbe vyote vya Mungu, mmemchagua anayekula kuku?"

Mbweha wenyewe nawaona kila nikienda kazini, wanachana mifuko ya taka barabarani, na sikuwahi kuwachukia mpaka siku ile. Niliona wanamfuta mwanangu. Kaburi halijaota nyasi, wao wameshapata mwingine wa kuwachezea! Nikayasema yote hayo, mengine kwa Kiswahili, na yule maskini akayapokea. Alipopata nafasi akaniambia hawamfuti. Jogoo alikuwa yeye, akasema, na hawataki jogoo mwingine.

Nikatulia. Nikamwomba lile vazi. Akasema ni langu bila shaka, nije Jumatano siku ya mechi, watanikabidhi mbele ya timu.

Neno moja likanibaki kooni: msilifue. Ni neno dogo, na Kiingereza chake nakijua. Lakini unamwambiaje mwanamume usiyemjua kwamba unataka jasho la mwanao? Sisi tumelelewa kwa udi na asumini. Mgeni akiingia kwako akasikia harufu mbaya, utaona aibu hadi mwezi uandame. Atafikiri watu hawa wako vipi? Nikaona haya. Tena nikajipa moyo: hawajalifua miaka yote hiyo, watalifua leo? Nikasema asante, nikakata simu.

Jumatano niliomba ruhusa kazini. Nilibeba mfuko mkubwa wa plastiki wenye zipu, nimeshapanga kila kitu. Nitaliweka kabatini mwake, nitafunga, nitakuwa nafungua mara mojamoja, tena kidogo tu, lisije likaisha. Njia nzima kwenye basi niliushika ule mfuko mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilikuwa na kitu cha kungojea.

Nilipofika uwanjani mbweha alikuwa kazini tayari, mkia huku na huko, anarukaruka mbele ya watazamaji. Sikumtazama sana. Wachezaji wakapanga mstari. Mwalimu akaja na jogoo ametundikwa kwenye henga, amefunikwa nailoni, kila unyoya umesimama mahali pake.

"Tulimpeleka kwa dobi," akasema, macho yamelowa. "Vijana walitaka umpokee akiwa safi."

Niliichana ile nailoni palepale. Nikatia uso shingoni mwa jogoo, nikavuta pumzi. Nikamgeuza, nikatafuta kwapani. Nikatafuta ndani ya kichwa, pale sponji ilipokuwa ikigusa paji la uso wake. Sabuni. Kila mahali sabuni, na manukato ya dukani. Watu wakaanza kupiga makofi, walidhani ninambusu. Nilitaka kumrukia yule mwalimu nimpige, tena mbele ya timu yake, lakini alikuwa amesimama pale analia, na hakuwa na kosa lolote. Sikuwa na hata mtu wa kumtukana.

Ndipo mbweha akanijia. Alikuwa amecheza hadi anahema. Akanikumbatia kwa mikono yake ya manyoya, na pale shingoni, kichwa kinapofungiwa, nikasikia jasho. Halikuwa la mwanangu. Lilikuwa la mtoto wa mwanamke mwingine, bichi, lina moto bado. Nikauegemeza uso wangu hapo nikavuta pumzi, nikavuta tena. Makofi yakaisha. Mwamuzi akapuliza filimbi, timu zikaingia uwanjani, na mwalimu akaja kunigusa bega taratibu. Sikumwachia.